Walimzika au Twalimzika

Siku ya kuniaga, vijana wa ukalimani, mlinipa doti ya kanga na saa ya ukutani, na mmoja wenu akaniomba niandike mawili matatu kuhusu kazi yetu. Kanga naivaa. Saa bado imo katika boksi lake, maana sina tena mahali pa kuwahi. Hayo mawili matatu ndiyo haya. Ya vyeo na mishahara siyaandiki, kwa kuwa hakuna anayeyasahau na hakuna anayejifunza kitu kwayo.

Nilizaliwa Rabai. Nyumbani tulisema Kirabai, shuleni nikajifunza Kiswahili cha vitabu na Kiingereza. Nilipoajiriwa kortini, kisiwani Mombasa, nilijiona msichana mwenye lugha tatu. Nikapelekwa kwa mkalimani mkuu, Maalim Badi, mzaliwa wa mtaa wa Kuze, mtu mwembamba wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Asubuhi alikuwa kortini, jioni akisomesha watoto Kurani chuoni. Mfukoni alikuwa na kibati cha karafuu, akitafuna moja kila kesi inapoanza ili koo lisimkwame. Akanisikiliza nikijieleza, kisha akanambia kwa upole kwamba lugha tatu ni nzuri, lakini masikio ninayo mawili tu, na yote mawili yataka kuoshwa.

Wiki zangu za mwanzo sikutafsiri neno. Alinikalisha nyuma ya chumba cha korti na karatasi, akaniamuru nisiandike waliyosema mashahidi. Niandike walikoyapata. Huyu aliona. Huyu aliambiwa na shemeji yake. Huyu alikisia. Huyu hajui alikoyapata, ila anayo. Mwanzo niliona ni adhabu ya mgeni. Baadaye nikaanza kusikia jambo ambalo sijaacha kulisikia mpaka leo, hata nikiwa sokoni: kwamba watu wakisema "najua," mara nyingi neno hilo limebeba mzigo usiokuwa wake.

Jioni, kabla hajaenda chuoni, alinifunza Kimvita cha wazee. Kitabu hakikuwepo. Alitamka neno, mimi nikalirudia. Taa inayowaka na t'aa wa baharini, anayetamkwa kwa pumzi, kaa la moto na k'aa wa ufukweni, mpaka nikaweza kuyatenganisha nikiwa nimempa mgongo. Alinionyesha kwamba mzee wa Mombasa husema "nayua" pale shule iliponifunza kusema "najua," na husema "nalikwenda" badala ya "nilikwenda." Nikamuuliza kwa nini tusihangaike na maana tu, sauti tukaziacha. Akanijibu kwamba shahidi akishaapa, maana yake yote imo ndani ya sauti yake, na korti haina dirisha jingine la kuchungulia.

Siku ya kwanza ya kusimama mwenyewe, kesi ilikuwa ya moto katika ghala moja la Shimanzi. Shahidi alikuwa kuli, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Akasema, "Nilisikia moto." Kiswahili chetu, mnajua, husikia kwa masikio, kwa pua, kwa ngozi na kwa ulimi wa jirani. Husikia baridi, husikia harufu, husikia habari. Kiingereza ni lugha ya bahili, kila mlango wa mwili una neno lake. Nikamwomba hakimu ruhusa ya kumwuliza shahidi alisikia kwa njia gani. Kuli akanitazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. Kisha akasema alisikia joto mgongoni, akageuka, akaona. Basi hakuwa ameambiwa na mtu wala hakukisia. Mgongo wake ulikuwa shahidi kabla yake. Maalim Badi, aliyeketi nyuma, akafungua kibati chake na kunipitishia karafuu moja. Sifa nyingine hakunipa mwaka ule.

Miaka ikaenda. Nitawapa kesi mbili ndogo kabla ya ile kubwa, kwa sababu bila hizo ile kubwa hamtaionea ladha.

Fundi mmoja wa nguo, mwenye kibanda Mwembe Tayari, aliibiwa cherehani. Akamshtaki jirani yake. Alipoulizwa amejuaje, akasema bila haya kwamba mganga alimwonyesha uso wa jirani ndani ya karai la maji. Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine jirani akaachiliwa. Haukupita muda mrefu cherehani ikapatikana nyumbani kwa dada wa yule jirani, na jirani mwenyewe akakiri. Fundi akarudi kortini akiwa na furaha ya mtu aliyeonewa. Akatukuta mimi na Maalim Badi tukinywa chai ya tangawizi kwenye kibanda cha nje.

"Maalim, si nalisema?" akauliza.

"Wewe walisema, na ikawa kweli," akajibu Maalim Badi. "Lakini hukuyua, ndugu yangu. Lau karai lingekuonesha uso wa jirani mwengine, ungalikuja hapa na jina la huyo mwengine, na uhakika ni ule ule."

Fundi alikwenda zake akinung'unika. Mimi nilibaki nikilitafakari jambo lile. Alikuwa amesadiki, na alilosadiki lilikuwa kweli tupu. Bado kulikosekana kitu katikati, kitu cha kuifunga imani yake na ukweli ule.

Kesi ya pili ni ya mama aliyeitwa kueleza alichokiona usiku ambao duka la mtaani kwao lilivunjwa. Mwanawe ndiye aliyeshtakiwa. Akasema, "Niliona kwa macho yangu, na sijui." Nikayatafsiri maneno hayo kama yalivyo. Mwendesha mashtaka akasimama kulalamika kwamba mkalimani amekosea, kwani haiwezekani mtu aone na asijue. Hakimu akamrudia yule mama kwa swali, naye akafafanua: "Macho yaliona. Mimi sijakubali." Sikuwa nimekosea. Kuna mambo ambayo ni kweli, na ushahidi wake umesimama mlangoni, na mwenye nyumba hafungui. Sijapata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi kwa nini kujua ni kazi ya moyo pia. Macho peke yake hayatoshi.

Maalim Badi akastaafu, akarudi Kuze kwenye chuo chake. Mashine za kunasa sauti zikaletwa kortini, kisha zikaja skrini za kumhoji shahidi aliye ng'ambo. Wako waliosema kazi yetu imekwisha. Mashine inanasa sauti, hilo nakubali. Haijui ni sauti gani iliyobeba mzigo.

Sasa ile kubwa.

Bi Saumu alikuwa mwanamke wa Mji wa Kale, mpole, mwenye binti mmoja. Mumewe, Mbarak, alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Alikuwa akipiga simu nyumbani kila wafikapo bandarini, kisha simu zikakatika. Baada ya miezi akarejea baharia mwenzake, Shebwana, na habari kwamba Mbarak amefariki katika bandari moja ya Ghuba na amezikwa huko huko. Bi Saumu akalia, akakaa eda, hitima ikasomwa. Miaka kadhaa ikapita. Ilipofika haja ya kugawa nyumba ya urithi, familia ikatakiwa kuthibitisha kifo, kwani cheti hakikuwapo. Kwa nini shauri lile lilikuja kwetu badala ya kwenda kwa Kadhi, hayo waulizeni mawakili; mimi nimeishi nao miaka yote na bado hunishinda.

Hapakuwa na ugomvi. Ndugu wote walikubaliana, nyumba ilishajulikana nani atapata chumba kipi. Jaji, mwanamke wa bara aliyeandika haraka na kuzungumza kidogo, alitazamiwa kumaliza kabla ya adhuhuri. Shebwana akapanda kizimbani akiwa amevaa kanzu safi. Umri ulikuwa umemnyang'anya meno ya mbele, na maneno yake yalitoka yamechakaa ukingoni. Wakili akamwuliza amejuaje kwamba Mbarak amekufa.

"Nayua," akasema. "Walimzika pale pale bandarini, na mimi nali na uchungu kama mtu alofiwa na nduguye."

Jaji alikuwa tayari ameinamia kalamu. Wakili akaanza swali linalofuata, akiuliza juu ya "siku mliyomzika." Hapo ndipo nilipohisi kijiwe katika sikio. Mzee wa Mombasa akitaka kusema "tulimzika," husema "twalimzika." Na akitaka kusema kwamba ni wengine waliomzika, husema "walimzika," kama sote. Kati ya maneno hayo mawili kuna ncha ya ulimi ikigusa meno, na Shebwana hakuwa na meno. Wakili alisikia "twalimzika." Mimi nilidhani nimesikia "walimzika." Mjue pia kwamba kudhani hakukunitosha. Kama ningetafsiri nilichodhani, hata kikiwa sawa, ningekuwa yule fundi na karai lake.

Nikasimama nikamwomba jaji shahidi alirudie neno moja. Jaji akaniruhusu. Nikamwuliza Shebwana, kwa heshima, ni wao waliozika au ni nyinyi.

"Wao," akasema mara moja, kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Mimi nali kwenye zamu, mtamboni. Sikushuka. Walorudi ndio walonambia."

Hakuwa mwongo, na nataka hilo likae wazi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Miaka yote alisema "walimzika," na mji ulisikia ulichotaka kusikia. Jaji akaweka kalamu chini, akaanza kuuliza mwenyewe, taratibu. Ikatoka kwamba Mbarak aliugua melini, akashushwa hospitali. Siku chache baadaye mzigo wa mabomba ulimwangukia mtu pale bandarini, akafa. Mtu huyo alikuwa amevaa koti la Mbarak, na mfukoni mna kitambulisho cha Mbarak. Mabaharia wenzake wakadhani Mbarak ametoka hospitali, wakaenda kumzika, meli ikang'oa nanga. Ni nani aliyeuona uso? Shebwana hakujua. Jaji akaahirisha shauri, akaagiza watafutwe waliozika.

Nje, kwenye ngazi, Bi Saumu alinisubiri. Mkalimani haruhusiwi kuzungumza na wenye kesi juu ya kesi yao, na yeye hakuwa na haja ya jibu langu.

"Nimekwisha mlilia mume wangu, Bi Jumwa," akanambia. "Nimemkalia eda. Wataka nimlilie mara ya pili kwa sababu ya neno moja?"

Nikainamisha kichwa, nikapita. Njia nzima mpaka Majengo, nilikopanga, sauti yake ilinifuata. Sikujuta, lakini kutojuta hakumzuii mtu kuumia.

Aliyepatikana kwanza ni Famau, mtu wa Lamu, ambaye sasa anafanya kazi huko huko Ghuba. Akaja mbele yetu kwenye skrini, uso mkubwa na sauti ikichelewa nyuma ya midomo. Yeye ndiye aliyemwosha maiti. Akasema uso haukuwa wa kutazamwa, walimtambua kwa koti na kitambulisho tu, na hakuna aliyeshuku. Bi Saumu akamnong'oneza wakili wake. Wakili akauliza kuhusu mikono. Famau akafikiri, akasema ilikuwa mizima na laini, mikono ya kijana.

Bi Saumu akasimama bila ruhusa. Mkono wa kulia wa Mbarak, akasema, ulikuwa na kovu la mafuta ya moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, alilolipata akikaanga viazi nyumbani kwao, kabla hata hajaijua bahari. Nikatafsiri. Famau akashika kichwa. Akasema aliyemwosha hakuwa na kovu lolote mkononi, ila alikosa kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

Basi kaburi lile halikuwa la Mbarak. Na kama kaburi si lake, kwa nini asiwe hai? Mji wa Kale ulijaa habari kabla ya alasiri. Majirani wakapeleka halua nyumbani kwa Bi Saumu. Binti yake akaanza kupiga simu za ng'ambo. Mimi nilikwenda Kuze kumtembelea Maalim Badi, nikamweleza jambo bila kumtajia jina la mtu, ingawa najua mji mzima ulishamtajia. Nilimwambia naogopa kwamba nimefungua mlango wa tumaini la uongo.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Wewe hukufungua kitu," akasema. "Wao walikuwa wamekaa nje, wakidhani wamo ndani."

Aliyeufunga mlango ule wa tumaini alikuwa baharia wa Kibokoni. Alisikia halua inapelekwa kwa Bi Saumu, akauliza kuna nini, akaambiwa. Asubuhi akaenda kwa wakili akiwa hana raha. Alisema miaka ile, katika bandari ile ile, Mpemba mmoja aitwaye Mzee Hamadi alimpa salamu azilete Mombasa: kwamba amemwuguza mtu wa Mji wa Kale, mpishi, hadi kufa kwake, na amemzika. Baharia akafika na salamu zake barazani. Akaambiwa habari za Mbarak zimeshajulikana, amekwisha zikwa, asiende kumtonesha mjane kidonda. Akanyamaza. Alifanya adabu, kwa alivyoona. Lakini jamani, tazameni jambo hilo. Ukweli ulipanda meli, ukavuka bahari, ukafika hadi barazani, na ukarudishwa kwa sababu watu walishakuwa na kitu kinachofanana nao.

Mzee Hamadi akatafutwa, akaletwa kwenye skrini. Ni mtu wa msikitini, huosha maiti na huwatembelea wagonjwa wasio na jamaa. Alieleza kwamba Mbarak alifikishwa hospitali bila karatasi, koti lake amelisahau melini, na hakuna aliyeelewa lugha yake hadi yeye alipopita kitandani pake. Alikaa naye hadi mwisho. Alimwosha mwenyewe, na lile kovu aliliona tangu kiganjani. Jaji akamwuliza kama marehemu aliacha neno.

"Alinambia nimwambie Saumu kwamba ana radhi zake zote, na yeye amwachie radhi," akasema Mzee Hamadi. "Na kwamba mtoto asikatishwe masomo."

Mbarak alikuwa amefariki kabla hata mabomba hayajaanguka. Sasa pimeni. Shebwana alisadiki kwamba Mbarak amekufa, na ilikuwa kweli, amekufa. Sababu zake si za karai la maji. Koti, kitambulisho, maneno ya watu waaminifu, nani kati yetu angedai zaidi? Na bado hakujua. Sababu zake zilikuwa za maiti mwingine. Ukweli ulikuwa upande huu na sababu upande ule, zikakutana kwa bahati, kama watu wawili waliogongana kwenye kichochoro. Nilipompelekea Maalim Badi fumbo hili, alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu aliyelala ndani ya basi akaamka yuko kwao amefika, alhamdulillahi, lakini asipewe kazi ya kuwaelekeza wageni.

Siku aliyosikia ushahidi wa Mzee Hamadi, Bi Saumu alinisubiri tena kwenye ngazi zile zile. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini ulikuwa umetulia. Alinipa mkono.

"Nalimlilia mara mbili," akasema. "Ile mara ya kwanza nalilia koti."

Masheikh walimwambia eda yake ilikuwa imepita zamani, kwa hivyo hakuwa na deni tena. Hitima ilisomwa upya hata hivyo, na mara hii baada ya dua kulikuwa na mtu wa kusimulia, Mzee Hamadi kwa simu, jinsi marehemu alivyolala siku zake za mwisho.

Kwa familia shauri lilikuwa limekwisha. Kwa jaji halikuwa limekwisha. Alisema hatalifunga jalada huku kuna kaburi lenye jina la mtu asiyekuwemo. Famau akaulizwa ni nani mwingine aliyekosekana melini siku ile. Jibu lilikuwa jepesi, na lilimtoa machozi. Alikosekana kijana mmoja wa Vanga, Nassoro. Wote walisema ametoroka, kama watorokavyo vijana wakiona miji ya watu. Nahodha aliandika hivyo, habari zikafika kwao hivyo. Hakuna aliyefikiria kwamba kijana alisikia baridi asubuhi ile, akaliona koti la mpishi limetundikwa, akaliazima.

Mama yake akaitwa. Alikuja kutoka Vanga na mjukuu, mama mdogo wa umbo, ushanga shingoni, leso mbili. Alisema Kidigo, nami Kidigo nakisikia vizuri kwa kuwa ni ndugu wa Kirabai. Jaji alitaka kutoka kwake jambo moja tu, alama ya mwilini. Mama akasema bila kuulizwa mara mbili kwamba Nassoro alikatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto na jembe, akiwa mtoto, shambani kwa mjomba wake. Hakuwa amesikia ushahidi wa Famau. Hakuna aliyekuwa amemdokeza. Niliyatafsiri maneno hayo polepole, neno moja baada ya jingine, kwa sababu nilijua yanabeba nini, na nilitaka yafike yakiwa mazima.

Jaji akamweleza kwamba kwa ushahidi uliopo mwanawe hakutoroka. Alifia kazini bandarini, na alizikwa na wenzake. Nikampa maneno hayo kwa Kidigo. Nimetafsiri hukumu nyingi katika maisha yangu, za kifungo na za kuachiliwa, za nyumba na za watoto. Sijapata kutamka sentensi niliyoionea fahari kama ile.

Mama hakulia. Akasema, "Nilijua hakutoroka."

Jaji, kwa sauti ya chini, akamwuliza alijuaje.

"Pale kwetu walisema ametoroka. Walinicheka. Mimi nilijua. Namjua."

Lugha zetu za pwani hazina neno la kumjua mtu lililo tofauti na neno la kujua jambo. Kidigo husema kumanya kwa yote mawili, na Kirabai hivyo hivyo. Nikatafsiri kwamba alijua. Wakili mmoja akanong'ona kwamba pengine mkalimani angesema "aliamini," kwani mama hakuwa na ushahidi wowote. Jaji akanitazama. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo nikiwauliza watu njia waliyopitia, na hapa mbele yangu palikuwa na mama ambaye njia yake ilikuwa ni kumlea mtu tangu uchanga hadi akapanda meli. Je, hiyo si njia? Ingeweza kumpoteza? Mpaka leo sina jibu, na nyinyi vijana mkilipata mniletee Majengo. Nilichokuwa nacho ni kiapo changu.

"Mheshimiwa," nikasema, "neno alilolitamka ni kujua."

Jaji akaandika kujua.

Famau alikuwa ameunganishwa tena kwenye skrini, na mama akamgeukia, kana kwamba yuko upande wa pili wa meza. Akamwuliza ni nani aliyemwosha mwanawe. Nikalihamisha swali. Famau akasema ni yeye.

"Mwulize maji yalikuwa ya moto au baridi," akanambia mama.

Nikauliza. Famau akanyamaza kidogo, akitafuta kumbukumbu yake ya kweli. Nilimheshimu kwa kimya kile, kwa kuwa jibu la kumfurahisha mama lilikuwa jepesi na angeweza kulitoa palepale. Kisha akasema yalikuwa vuguvugu. Anakumbuka kwa sababu alikwenda mwenyewe jikoni melini kuyachemsha, na aliungua kidole.

Nikamweleza mama. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akajifunga leso vizuri, akamwambia mjukuu wake waondoke, gari la Vanga lisije likawaacha.